Shajara ya Mradi: Mwongozo wa Kuandika Nadharia Tete kwa Wasaidizi wa Utafiti

Wiki ya kwanza

Mradi huu una kazi moja: kuandaa mwongozo mfupi wa Kiswahili utakaomwezesha muuguzi, tabibu au msaidizi wa utafiti kuandika nadharia tete zake kabla hajakusanya data yoyote. Nimefundisha takwimu kwa miaka kadhaa, na nimeona mara nyingi kwamba mwanafunzi anayejua kukokotoa hukwama mahali pa mwanzo kabisa, pale anapotakiwa kuligeuza swali lake kuwa sentensi mbili ambazo haziwezi kuwa kweli kwa wakati mmoja. Programu ya kompyuta haimsaidii hapo, kwa sababu itampa thamani ya p (nafasi ya kupata matokeo kama yaliyoonekana, au ya mbali zaidi, iwapo hakuna tofauti) hata kama sentensi zake hazieleweki, na haitamuuliza alitaka kujua nini.

Siku za mwanzo zimekwisha kwenye istilahi. Jina la jumla, nadharia tete, halikuhitaji mjadala, kwani limezoeleka vyuoni, na neno tete lina faida ya pekee kwa wasomaji wangu, ambao kila siku husikia ikisemwa kwamba hali ya mgonjwa fulani ni tete, yaani bado haijatulia upande wowote. Ugumu ulikuwa kwenye sentensi ya kwanza kati ya zile mbili, ile inayosema kwamba hakuna tofauti, hakuna uhusiano au hakuna athari. Nimewahi kusikia wengine wakiiita batilifu, wengine kanushi, wengine tupu. Neno batilifu nimeliacha kwa sababu linamfanya mwanafunzi aamini kwamba sentensi hiyo imekwisha kukataliwa hata kabla ya kupimwa, ilhali kazi yake ni kushikiliwa kwa muda kama msimamo wa kuanzia. Neno tupu linaashiria kwamba sentensi haina kitu ndani yake, na hilo si kweli, kwa kuwa ndiyo sentensi yenye dai mahususi kuliko nyingine. Nimechagua nadharia tete sifuri, ambayo pia inalingana na alama H0, na ya pili nimeiita nadharia tete mbadala, yenye alama H1.

Ninajua kwamba neno sifuri nalo lina kasoro yake. Si kila nadharia tete sifuri inazungumzia tofauti ya sifuri. Nyingine hutaja thamani, kwa mfano kwamba uwiano wa watoto wa kiume kati ya wote wanaozaliwa ni nusu. Nimeongeza sentensi moja katika ukurasa wa kwanza kueleza kwamba sifuri hapa ni umbali kati ya hali halisi na ile thamani tuliyoitaja, na umbali huo ndio tunaouchukulia kuwa haupo hadi data ituonyeshe vinginevyo.

Wiki ya pili

Nilihitaji mfano wa kihistoria ambao unaweza kuhesabika kwa kalamu. Wa kwanza niliouandika ni wa John Arbuthnot, daktari aliyefanya kazi London, ambaye alichunguza kumbukumbu za ubatizo za mji huo kuanzia mwaka 1629 hadi 1710. Katika miaka yote 82, idadi ya watoto wa kiume waliobatizwa ilizidi ya watoto wa kike, bila hata mwaka mmoja kwenda kinyume. Arbuthnot alijiuliza hali ingekuwaje kama kila mwaka ungekuwa na nafasi sawa ya kuelemea upande huu au ule, akapata nusu iliyozidishwa kwa yenyewe mara 82, yaani sehemu moja ya namba yenye tarakimu 25. Alilikataa wazo la bahati nasibu, na kwa mtazamo wake akaona humo dalili ya mpango wa Mungu. Mwanafunzi anaweza kukubali hesabu yake bila kukubali hatua yake ya mwisho, na hilo ni somo la mapema: kuikataa nadharia tete sifuri kunatuambia kwamba usawa haupo, hakutuambii ni nini kilichouondoa.

Mfano wa pili ni ule wa chai, ambao karibu kila mwalimu wa takwimu huutumia. Mwanatakwimu Ronald Fisher, akiwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza katika miaka ya 1920, alikuwa na mwenzake, mtaalamu wa mwani Muriel Bristol, aliyedai kwamba akionja chai anaweza kutambua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu usanifu wa majaribio, ambamo pia alilitumia jina la nadharia tete sifuri, Fisher alieleza jaribio la vikombe 8, vinne vya kila namna, vilivyopangwa kwa bahati nasibu. Nilipousoma mfano huu mbele ya kikundi cha wauguzi, walinyamaza, kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, hayo maziwa yanatanguliaje wakati yanachemshwa pamoja na majani?" Alikuwa na haki. Kwetu chai ya maziwa hupikwa katika sufuria moja, na mgogoro mzima wa nani atangulie haupo. Nimeongeza aya fupi inayoeleza namna Waingereza wanavyoiandaa, kwa sababu bila hiyo msomaji anapambana na kikombe badala ya kupambana na hoja.

Hoja yenyewe ni hii. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane, na ni moja tu inayopatia vyote. Kwa hiyo, mtu asiye na kipaji chochote atapatia vyote kwa nafasi ya 1 kati ya 70, sawa na takribani 0.014, na nafasi ya kupatia angalau vitatu katika vile vinne ni 17 kati ya 70, sawa na takribani 0.24. Namba hizi zote zimetokana na sentensi inayosema kwamba hana uwezo wa kutofautisha. Sentensi ya upande wa pili, kwamba ana uwezo, haitoi namba yoyote, kwa sababu haisemi ana uwezo kiasi gani. Hii ndiyo sababu alama ya usawa hukaa katika H0 na wala si katika H1, na nimeona wanafunzi wakiikariri kanuni hiyo kwa miaka bila mtu kuwaonyesha kwamba bila usawa hakuna kitu cha kukokotoa.

Nimegusa kwa ufupi sana ugomvi wa kitaaluma uliofuata. Fisher alitosheka na nadharia tete sifuri peke yake. Wanatakwimu Jerzy Neyman na Egon Pearson, katika kazi yao ya mwaka 1933, walisisitiza kwamba huwezi kuchagua kipimo kizuri bila kutaja mbadala unaohofia kuukosa, na ndio waliotenganisha makosa mawili: kuikataa H0 ilhali ni kweli (kosa la aina ya kwanza), na kuiacha ilhali si kweli (kosa la aina ya pili). Vitabu vya leo vimechanganya mitazamo hiyo miwili. Msaidizi wa utafiti hahitaji kuamua nani alishinda, ila anahitaji kujua kwamba H1 haikuwekwa kwa ajili ya kupamba.

Wiki ya tatu

Wiki hii nimegundua kosa katika rasimu yangu mwenyewe, na nitaliandika hapa kwa sababu ninaamini litawafaa wengine. Katika mfano wa zoezi nilikuwa nimeandika kwamba nadharia tete sifuri ni hii: "Asilimia ya wagonjwa waliopona katika sampuli ya kundi A ni sawa na asilimia ya waliopona katika sampuli ya kundi B." Sentensi hiyo haina haja ya kupimwa. Ukitaka kujua kama sampuli mbili zina asilimia sawa, unahesabu wagonjwa waliopo mbele yako na jibu linapatikana bila shaka yoyote. Nadharia tete huandikwa kuhusu jamii nzima ambayo sampuli imetolewa, yaani kuhusu kigezo ambacho hatuwezi kukiona moja kwa moja; sampuli ni dirisha tu la kuchungulia. Kinachonisikitisha ni kwamba nilikuwa nimeipitia rasimu hiyo mara tatu.

Nimebadilisha zoezi, na sasa linaanza kwa kumtaka mwanafunzi aandike kwanza jamii anayoizungumzia ni ipi, kisha kigezo chake ni kipi, iwe ni wastani, uwiano au tofauti ya viwili hivyo, na mwisho ndipo aandike usawa. Kwa swali la vifo katika makundi mawili ya matibabu, anaandika π1 kuwa uwiano wa watakaokufa iwapo wagonjwa wote wa namna hii wangepewa tiba ya kwanza, na π2 kuwa uwiano huo iwapo wote wangepewa tiba ya pili; H0 inakuwa π1 = π2. Maneno "iwapo wote wangepewa" yanafanya kazi kubwa, na hali ya masharti ya kitenzi cha Kiswahili inayabeba bila taabu.

Wiki ya nne na ya tano

Hapa ndipo mradi umekaa muda mrefu, na ninadhani ndipo panapostahili.

Nilitaka mfano mkuu wa mwongozo utoke katika hospitali ambazo wasomaji wangu wanazijua, na swali ambalo wao wenyewe wangelijibu haraka. Nikachagua jaribio la FEAST, lililoongozwa na daktari wa watoto Kathryn Maitland na kuchapishwa mwaka 2011, lililofanyika katika hospitali sita za Afrika Mashariki: Kilifi nchini Kenya, Teule iliyopo Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Soroti, Mbale na Lacor nchini Uganda. Watoto walioingizwa walikuwa na umri kuanzia siku 60 hadi miaka 12, wakiwa na homa kali na dalili kwamba mzunguko wa damu yao umedhoofika: mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu, moyo unaokwenda mbio. Swali lilikuwa kama mtoto wa namna hiyo apewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito, au asipewe dripu hiyo ya haraka, bali apate tu maji ya kawaida ya matunzo pamoja na dawa zake. Waliopewa maji ya haraka walikuwa makundi mawili: wengine walipewa maji ya chumvi, wengine albumini, yaani maji yenye protini ya damu.

Kabla ya kuonyesha matokeo, niliwaomba wauguzi sita waliokubali kusoma rasimu waandike H0 na H1 za jaribio hili. Wote sita waliandika H0 vizuri, kwamba uwiano wa vifo katika saa 48 ni sawa kwa walio na dripu ya haraka na wasio nayo. Watano kati yao waliandika H1 kwamba dripu ya haraka hupunguza vifo. Lazima nikiri kwamba rasimu yangu ya kwanza kabisa ilisema hivyohivyo, na sababu yangu ilikuwa sawa na yao: miongozo ya dharura ya watoto katika nchi tajiri ilipendekeza tiba hiyo, na mtu akimwona mtoto mwenye mikono ya baridi na mapigo hafifu, mkono wake mwenyewe unaelekea kwenye chupa ya dripu. Muuguzi wa sita, ambaye amekaa wodi ya watoto kuliko sisi sote, aliandika kwamba viwango vya vifo havilingani, akaacha hapo bila kutaja upande. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mwalimu, mimi sijui bado. Kama ningekuwa najua, nisingewaomba wazazi ruhusa ya kumwingiza mtoto wao."

Matokeo ni haya. Kati ya watoto 1050 waliopewa albumini, 111 walifariki ndani ya saa 48, sawa na asilimia 10.6. Kati ya 1047 waliopewa maji ya chumvi, walifariki 110, sawa na asilimia 10.5. Kati ya 1044 ambao hawakupewa dripu ya haraka, walifariki 76, sawa na asilimia 7.3. Ukiyaunganisha makundi mawili ya dripu, hatari ya kifo ilikuwa mara 1.45 ya ile ya kundi la ulinganishi, na masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani thamani ambazo data haipingani nazo, yalianzia 1.13 hadi 1.86. Jaribio lilipanga kuingiza watoto 3600, lakini kamati huru ya kufuatilia usalama ilishauri usajili usimamishwe mwezi Januari 2011, wakati watoto 3141 walikuwa wamekwisha kuingizwa.

Nikaketi na kikokotoo, nikarudia hesabu kwa mkono ili wasomaji waweze kuifuata. Uwiano wa vifo katika makundi ya dripu ni 221 kati ya 2097, yaani 0.1054, wa kundi la ulinganishi ni 76 kati ya 1044, yaani 0.0728; tofauti yao ni 0.0326. Chini ya H0, ambapo viwango viwili ni sawa, tunaunganisha vifo vyote, 297 kati ya 3141, na kosa sanifu la tofauti, yaani kiasi ambacho tofauti hiyo ingeyumba kwa bahati tu, linakuwa takribani 0.0111. Tukigawanya tofauti kwa kosa sanifu, tunapata 2.94, namba inayoitwa z. Kwa H1 isiyo na upande, thamani ya p ni takribani 0.003, na tunaikataa H0. Sasa nikachukua ile H1 tuliyoiandika mimi na wauguzi watano, kwamba dripu hupunguza vifo, nikaikokotoa kwa data ileile. Thamani ya p ikawa 0.998.

Niliitazama namba hiyo kwa muda mrefu. Ina maana kwamba kwa utaratibu tuliokuwa tumeuandika kwa nia njema kabisa, taarifa rasmi ya uchambuzi ingesema kwamba hatukupata ushahidi wa kuikataa nadharia tete sifuri, na msomaji mwenye haraka angeelewa kwamba dripu ya haraka haina tofauti, basi kila hospitali iendelee ilivyozoea. Vifo vilikuwa vimeandikwa katika data ileile, mtoto kwa mtoto, lakini sentensi yetu ya mbadala haikuwa imeviachia mahali pa kuonekana. Mwongozo huu nimeupa umbo jipya kuanzia hapa. Sura iliyokuwa na kichwa "Upande mmoja au pande mbili" ilikuwa ya sita, na niliitendea kama jambo la kiufundi la kugawa kwa mbili 0.05, kiwango cha kosa tunachokubali. Sasa imekuwa ya pili, na mfano wa FEAST ndio unaoifungua.

Nimeandika katika sura hiyo kwamba anayechagua mbadala wa upande mmoja anatoa ahadi: anaahidi kwamba matokeo ya upande wa pili, hata yawe makubwa kiasi gani, atayachukulia sawasawa na kutokuwepo kwa tofauti. Katika tiba ya watoto mahututi siwezi kuitoa ahadi hiyo, wala sijui nani anaweza.

Jambo moja nimelikataza kwa maneno makali kuliko mengine yote katika mwongozo. Mtafiti akiandika mbadala wa upande mmoja, akaona data imekwenda kinyume, hawezi kurudi na kugeuza upande. Akifanya hivyo anakuwa amejipa nafasi mbili za kukosea, ya kushoto na ya kulia, kila moja ikiwa na 0.05 yake, na kiwango halisi cha kosa la aina ya kwanza kinakuwa 0.10 ilhali ripoti inaendelea kusema 0.05. Jibu pekee ni kuandika nadharia tete mapema, na kuziweka mahali ambapo tarehe yake haiwezi kubadilishwa.

Wiki ya sita

Msomaji mmoja wa rasimu alinieleza kwa uwazi kwa nini wanafunzi hupenda mbadala wa upande mmoja: sampuli inakuwa ndogo, na sampuli ndogo ni nauli chache, siku chache za kwenda uwandani na fomu chache za kuchapisha. Hoja hii ni ya kweli na sikutaka kuipita kimya. Tuchukue kiwango cha vifo cha asilimia 10 ambacho mtafiti anataka kujua kama tiba mpya inakibadilisha kufikia asilimia 5, akiwa na kiwango cha kosa cha 0.05 na uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua tofauti hiyo kama ipo. Kwa mbadala wa pande mbili anahitaji watu takribani 432 katika kila kundi; kwa mbadala wa upande mmoja, takribani 340. Anaokoa watu 92 kila kundi, nami ninaelewa kishawishi chake.

Hata hivyo, hesabu hiyohiyo inaonyesha kwamba gharama kubwa iko kwingine, katika ukubwa wa tofauti aliyoitaja. Kama mtafiti huyo anataka kugundua kushuka kutoka asilimia 10 hadi 8 tu, kwa pande mbili atahitaji takribani watu 3,200 kila kundi. Kwa hiyo, swali la kumuuliza mwanafunzi mwenye bajeti ndogo si kama anaweza kuufunga upande mmoja, bali ni tofauti ipi iliyo ndogo kuliko zote ambayo bado ingebadilisha namna anavyowahudumia wagonjwa wake. Akilijibu hilo, H1 yake inaacha kuwa "kuna tofauti" ya jumla, na mpango wake wa sampuli unapata msingi.

Kuna mahali ambapo upande mmoja unafaa, na nimepataja kwa aya moja: pale mtafiti anapotaka kuonyesha kwamba dawa mpya, pengine ya bei nafuu, si duni kuliko ya zamani kwa zaidi ya kiasi kilichokubaliwa mapema. Hapo H0 inageuka na kusema kwamba dawa mpya ni duni kwa kiasi hicho au zaidi, na mzigo wa ushahidi unahamia kwa dawa hiyo mpya. Wanaoanza hawatakutana nalo mara nyingi.

Nimeongeza pia mfano mfupi wa jaribio ambalo mbadala wake ulielekea upande uliotarajiwa, ili wasomaji wasifikiri kwamba matarajio ya madaktari huwa yanakosea daima. Katika jaribio la AQUAMAT, lililochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watoto 5425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zikiwemo, walifariki asilimia 8.5 ya waliotibiwa kwa atesunati na asilimia 10.9 ya waliotibiwa kwa kwinini. H0 ni ileile, π1 = π2. Yeyote aliyeandika H1 ya pande mbili aliweza kuyapokea matokeo haya na yale ya FEAST kwa sentensi moja, bila kubadilisha neno.

Wiki ya saba

Wiki hii nimeshughulikia namna ya kuandika hitimisho, na Kiswahili kimenisaidia kuliko nilivyotarajia. Turudi kwenye FEAST. Jaribio lilikuwa na makundi matatu, na kwa hiyo lilikuwa na zaidi ya jozi moja ya nadharia tete. Mojawapo ililinganisha albumini na maji ya chumvi: vifo 111 kati ya 1050 dhidi ya 110 kati ya 1047. Uwiano wa hatari ni takribani 1, na masafa yake ya uhakika yanaanzia 0.78 hadi 1.29. H0 haikukataliwa. Katika ripoti za wanafunzi nimezoea kuona hitimisho la namna hii likiandikwa "hakuna tofauti", na nilikuwa nikikata kwa wino mwekundu bila kueleza vya kutosha.

Neno "hakuna" ni tamko kuhusu dunia. "Hatujaona" ni tamko kuhusu sisi na data yetu, na kile kiambishi cha "ja" kinaacha mlango wazi, kwa kuwa kila msemaji wa lugha hii anajua kwamba mtu asemaye "mgeni hajafika" hajasema kwamba mgeni hatakuja. Masafa ya 0.78 hadi 1.29 yanasema kitu hichohicho kwa namba: data haipingani na uwezekano kwamba albumini inapunguza hatari kwa karibu robo, wala haipingani na uwezekano kwamba inaiongeza kwa zaidi ya robo. Kuanzia sasa mwongozo unamtaka mwanafunzi aandike, "Hatujapata ushahidi wa kutosha wa kuikataa nadharia tete sifuri," kisha aweke masafa ya uhakika katika sentensi ileile ili msomaji aone ni kiasi gani ambacho bado hakijulikani. Nilikuwa nimeweka pia mfano wa mahakama na mtuhumiwa asiye na hatia hadi athibitishwe, nikauondoa. Wasomaji wangu walipousikia waliishia kuamini kwamba aliyeachiwa huru amethibitishwa kuwa msafi, na hilo ndilo kosa nililokuwa nikijaribu kuliondoa.

Istilahi moja bado haijatulia. Ule uwezo wa jaribio wa kugundua tofauti iliyopo, ambao ni kinyume cha kosa la aina ya pili, wengine huuita nguvu ya jaribio. Ninaona nguvu inamfanya mwanafunzi afikirie ubora wa jumla wa utafiti, ndiyo maana nimeandika uwezo wa kugundua, ingawa maneno hayo yanachosha yakirudiwa.

Wiki ya nane

Fomu ya ukurasa mmoja imekamilika. Ina nafasi ya swali, jamii, kigezo, H0, H1, tofauti ndogo yenye maana, kiwango cha kosa, na mstari wa tarehe na sahihi, wenye maelezo kwamba ujazwe kabla fomu ya kwanza ya data haijafunguliwa. Chini ya H1 nimeongeza swali moja linalotaka jibu la maandishi: "Taja njia moja ambayo matokeo yanaweza kwenda kinyume na unavyotarajia."

Yule muuguzi wa wodi ya watoto amekuwa wa kwanza kuijaza kwa utafiti wake mwenyewe. Anataka kujua kama ujumbe mfupi wa simu unaomkumbusha mama tarehe ya kliniki unabadilisha uwiano wa akina mama wanaorudi kwa chanjo inayofuata. H0 yake inasema uwiano huo ni sawa kwa wanaotumiwa ujumbe na wasiotumiwa, miongoni mwa akina mama wote wanaohudhuria kliniki za eneo lake. H1 inasema si sawa. Nilikisia kwamba lile swali la chini lingemshinda, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuona ujumbe wa kukumbusha unawezaje kuleta madhara. Yeye alilijibu bila kusita: akina mama wengi wa kliniki yake hutumia simu za waume zao, na wapo wanaokwenda kliniki kimyakimya kwa sababu nyumbani haikubaliki; ujumbe ukiingia kwenye simu isiyo yao, mwezi unaofuata hawatakuja.

Alitia sahihi, akaandika tarehe, akaniomba nakala moja niitunze mimi. Data yake itaanza kukusanywa mwezi ujao. Nimelihamisha jibu lake, kwa ruhusa yake na bila jina, hadi kwenye ukurasa wa tatu wa mwongozo, mahali palipokuwa na mfano wangu wa mbolea.